Rangi Iliyokataa Kushikana

Mama yangu haoni vizuri. Ni presha ya macho, na daktari alituambia bila kuzungukazunguka kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki kwa matone ya asubuhi na jioni. Uso wa mtu hauoni tena, hata ukimkaribia. Anachoona ni tofauti ya cheusi na cheupe. Ukisimama mbele ya shuka jeupe lililoanikwa kambani, anajua kuna mtu, na kwa namna ulivyosimama anaweza hata kukutambua. Ukisimama mbele ya ukuta wenye rangi ya moshi, hupo.

Na sebule yake yote ilikuwa na rangi ya moshi. Baba alijenga ile nyumba mwenyewe, juu huko upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwenye kijiji chetu cha Waarusha ambako migomba na kahawa vinabanana mpaka huoni nyumba ya jirani. Aliipiga lipu ya saruji, akasema rangi itafuata. Rangi haikufuata. Baba akafariki, tukamzika pale pale shambani, na mama akabaki na kuta za kijivu na ng'ombe wake mmoja.

Kaka yangu, ambaye ana duka la nafaka Kikatiti, alikuwa ameshaamua. Mama ashuke aje kukaa kwangu mjini, Sombetini, kwenye vyumba vyangu viwili, ambako akianguka kuna mtu wa kumwinua. "Huko juu akianguka nani atamwokota?" aliniuliza kwenye simu, kwa sauti ile ya kununua mahindi. Kwangu kuna mtaro wazi mbele ya mlango na pikipiki zinapita hadi barazani, lakini angalau kuna watu.

Mama alitusikiliza, akaomba jambo moja tu. "Nipakieni nyumba rangi iwe nyeupe," alisema. "Nikishindwa kuwaona watu humo ndani, nitafunga mizigo mwenyewe, hamtanisukuma."

Maneno hayo alinielekezea mimi, kwa sababu rangi ndiyo kazi yangu. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha rangi mjini, na jukumu langu ni kuikagua rangi ya maji kabla haijaingia kwenye ndoo za kuuzwa. Naipenda kazi hii kuliko inavyostahili. Wenzangu wananitania kwamba nikifa wanizike na chujio langu.

Watu wengi wanadhani rangi ya maji hukauka kama matope yanavyokauka. Sivyo. Ndani ya ndoo kuna vitone vya plastiki laini, vidogo kiasi kwamba hata ukitoa macho huvioni, vinaelea kwenye maji pamoja na ule unga unaoleta weupe. Kila kitone kimevikwa kitu chenye tabia za sabuni, na hicho ndicho kinachovifanya visukumane, visigusane. Ukishapaka ukutani, maji yanaanza kuondoka, vitone vinabanwa, vinagusana, vinabonyea, halafu vinaungana na kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo ndiyo inayoushika unga mweupe ukutani. Bila ngozi una vumbi tu lililopumzika.

Shida ni pale vinapoungana kabla ya wakati, ndani ya ndoo. Hapo tunapata mabonge. Kila asubuhi namimina kiasi kwenye chujio na kutazama kilichobaki juu, na nikikuta bonge nalishika kiganjani na kuliuliza maswali. Lilianzia wapi? Kwa nini hili na si lile la jirani yake? Bosi wangu anapita na kuniambia nitupe, nami natupa, lakini baada ya kulitazama vya kutosha.

Kwa hiyo mama alipotaka nyumba nyeupe nilijiona mtu sahihi kabisa. Likizo yangu iliangukia Julai, na kaka naye mwezi huo ndipo alipopata nafasi ya gari. Akapandisha ndoo mbili kubwa, akazishusha barazani, akainamisha kichwa mama amsalimie kwa kumgusa utosini, akarudi kwenye mahindi yake.

Baridi ya Julai kule juu haina adabu. Ukungu unashuka kwenye migomba asubuhi na unakaa mpaka mchana kama una shughuli. Mama huvaa sweta mbili na kujitanda shuka juu yake. Siku ya kwanza nilisugua kuta, nikafungua ndoo moja nijaribu kona, nikaiacha kwa kuwa giza lilikuwa linaingia. Asubuhi yake nikakuta rangi imekuwa nzito, mti wa kukorogea unasimama. Nikalalamika kwa sauti, "Hii rangi imekuwa ngumu!" Kisha nikatoka kwenda kwa jirani kuazima ngazi.

Mama alikuwa jikoni anachemsha mahindi ya loshoro. Kwetu mahindi yakiwa magumu yanawekewa magadi, kila mtu anajua, na yakishaiva yanachanganywa na maziwa ya mgando. Nilivyorudi na ngazi begani nilimkuta amesimama karibu na ndoo, bakuli tupu mkononi, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Nimekuwekea magadi," aliniambia. "Sasa hivi italainika."

"Yeyo!" Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa, na mimi humwita hivyo hasa nikishtuka. "Umeweka kiasi gani?"

"Cha sufuria ya makande. Ile kubwa."

Nikachungulia. Rangi ilikuwa inakatika. Maji yanajitenga pembeni, na katikati yanajengeka mabonge meupe, laini, yenye kuteleza, ambayo kazini ningepata moja kwa wiki na kulifurahia. Sasa nilikuwa na ndoo nzima. Nilitaka kulia. Baadaye nikataka kucheka. Halafu nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kukoroga polepole nione yanavyokua, kwa sababu sikuwahi kuyaona yakizaliwa mbele yangu. Magadi ni chumvi, na chumvi ikizidi ndani ya rangi ile nguvu ya vitone kusukumana inakufa. Kila viwili vinavyogongana vinang'ang'aniana, cha tatu kinakuja, cha nne, basi.

Mama aliinama akatia kidole. "Imekuwa mgando," alisema, kwa mshangao wa kweli. Akasugua kile kibonge kati ya vidole vyake. "Lakini si imeshikana? Wewe si ulinieleza unataka vishikane?"

"Ukutani, Yeyo. Si kwenye ndoo."

"Ungesema."

Ikabaki ndoo moja. Niliongeza maji ili itoshe kuta zote za sebule na ile ya korido, nikijua kabisa natandaza kidogo mahali pakubwa, lakini kushuka mjini na kupanda tena na ndoo ningemaliza likizo barabarani. Nikapaka, nikapaka tena, vidole vimekufa ganzi kwenye rola. Nilipomaliza nikafungua madirisha. Sebule ilikuwa nyeupe. Nilikuwa sijawahi kuiona hivyo tangu nizaliwe.

Mama aliingia taratibu, akasimama katikati. "Nenda pale," alisema, akinyoosha mkono kwenye ukuta wa mbali. Nikaenda. "Umevaa sketi. Umeshika kiuno, unasimama kama shangazi yako anavyogomba."

Mikono ilikuwa kiunoni kweli. Nililia, na sikujificha, maana nilijua anaiona mikono ikipanda usoni.

Furaha yangu haikukaa. Kabla sijashuka mjini niliegemea ukuta nikivaa viatu, na nilipoinuka sweta langu jeusi lilikuwa jeupe mgongoni. Nikapitisha kiganja ukutani: unga. Nikapitisha kitambaa chenye maji: kikaondoka na rangi, na nyuma yake ikachungulia saruji ya baba. Nikampigia kaka. Alicheka kwa hasira. "Kiwanda chenu kinauza unga wa chapati," alisema. "Ikiisha kupukutika nakuja kumchukua. Krismasi haimkuti huko."

Hasira zilinipanda, lakini zaidi nilitaka kujua. Rangi ile ile nilishaipaka kwenye kioo kazini kabla ya likizo, ikatoa ngozi safi, ya kuvutika. Nikaanza kuzunguka sebule nikigusa kuta moja baada ya nyingine, mama amekaa kwenye kochi ananisikiliza, ananiuliza nimepoteza nini. Ukuta wa mlangoni, unga. Wa dirishani, unga. Wa korido, unga. Ukuta wa nne ukakataa. Nikausugua kwa nguvu, kiganja kikatoka kikavu na kisafi. Nikauegemea kwa shavu, nikaukuta una joto, kwa kuwa upande wa pili ndipo yalipo mafiga ya mama, na mahindi ya loshoro yalikuwa yamechemka mchana kutwa siku zote nilizokuwa napaka.

Nilicheka peke yangu. Kumbe vile vitone ni laini pakiwa na joto la kutosha tu. Kwenye baridi vinakakamaa. Maji yanaondoka, vinabanwa kama kawaida, lakini havibonyei wala haviungani; vinabaki bega kwa bega, kila kimoja na ubishi wake. Hakuna ngozi. Niliporudi kazini nilipaka rangi ile kwenye kioo nikakiweka ndani ya friji ya soda, na nilipokitoa kilikuwa na unga mweupe uliopasukapasuka. Aliyekuja kuchukua soda aliniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa nimejibiwa swali langu, ila mama hakuwa amesaidika. Kuta zilikuwa bado nyeupe, na bado aliona watu, lakini kila anayepita na kuegemea anaondoka na kipande cha ule weupe. Nilimwaza nikilala, nikiamka. Nilimwona amekaa peke yake kwenye kochi siku nzima, nyumba inamfifia taratibu, akisubiri simu zetu.

Mwezi wa tisa kaka akasema anapanda Jumamosi kumchukua, hasubiri Krismasi. Nami nikapanda nimuwahi. Bodaboda ilinishusha chini kidogo ya nyumba, kwenye mti mkubwa wa mgrevilea ulio kandokando ya njia, nikaanza kutembea. Nikakutana na watoto wanatoka kuchota maji. Wa kwanza akainamisha kichwa nimsalimie. Kwetu mtoto hakupi mkono. Anakuletea utosi, nawe unauwekea kiganja. Nikanyoosha mkono, kisha nikausimamisha hewani. Juu ya nywele zake fupi palikuwa na kiganja cheupe, vidole vyote vinaonekana.

Nikamtazama aliyefuata. Kiganja. Binti aliyekuwa nyuma na dumu la maji, kiganja, kimekaa upande kidogo.

"Nani kawapaka?"

"Koko," walijibu pamoja. Koko ni bibi. "Ametusalimia."

"Huwa mnapita kwake?"

Waliniangalia kama nimeuliza kama huwa wanakula. Binti mwenye dumu akaeleza kwamba asubuhi wanapitia kwa Koko kabla ya shule na jioni wanapitia tena, na asiyepita anaulizwa. Mama alikuwa anatembea kwenye korido akipapasa ukuta, kama ilivyo kawaida yake, na kwa hiyo kiganja chake kilikuwa hakikosi unga.

Sikuingia ndani moja kwa moja. Nilianza kuzifuata alama. Kwenye ubao wa juu wa zizi kulikuwa na viganja vingi vimepandana. Kwenye paji la ng'ombe. Kwenye bomba la maji. Kwenye geti la jirani, upande wa ndani na upande wa nje, maana yake alikwenda na akarudi. Nikapita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na kwenye msalaba wa saruji wa baba, mkono wa kulia wa msalaba ulikuwa mweupe kuliko ukuta wowote nilioupaka. Nikakaa chini palepale. Sisi huku mjini tulikuwa tunajadili mwanamke wa kwenye kochi. Mwanamke huyo hakuwepo kabisa, na niliona uchungu kwamba ilibidi rangi mbovu initajie.

Kaka alifika mchana, koti jeusi, ufunguo wa gari unazungushwa kidoleni. Aliinamisha kichwa chake kikubwa, mama akakigusa, wakaulizana habari za ng'ombe na mahindi. Kisha akaanza hotuba yake. Alipozungumzia hatari ya kuanguka alikuwa amekaa. Alipofika kwenye baridi na mapafu alisimama, akaanza kutembea mbele ya ukuta wa dirishani.

"Umenenepa," mama alimkatiza. "Na usisimame hivyo umefungia mikono nyuma. Baba yako alisimama hivyo alipotaka kuuza ng'ombe wangu."

Kaka aligeuza shingo kuangalia mikono yake nyuma ya mgongo, akaiachia. Aliniangalia mimi. Nikainua mabega.

"Aliuza?" aliuliza hatimaye.

"Ulikunywa maziwa ya nani ukakua hivyo?"

Alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia zizi. Alikaa sana. Nilipochungulia kwa dirisha la nyuma nilimwona amesimama kwenye migomba, mgongo wote wa koti ni mweupe kwa kuegemea ukuta alipokaa, na utosini ana kiganja kama wale watoto. Alikuwa anatazama msalaba. Aliporudi hakukaa tena.

"Rangi yenu ni upuuzi mtupu," aliniambia. Akafuta pua. "Januari kukiwa na joto lete nyingine. Nzuri. Gari nitatoa mimi." Kuhusu mizigo ya mama hakusema neno, si siku ile wala baadaye, na mama naye hakumuuliza. Akaendesha hadi Kikatiti na kile kiganja kichwani. Sikumwambia.

Januari ikaja na jua lake. Nilipaka kuta zilipokuwa na joto unaloweza kuliota kama moto, madirisha wazi, magadi yamefichwa mahali ambapo mama alikuwa anapajua vizuri sana. Kesho yake nikapitisha kitambaa chenye maji. Kikatoka safi. Nikasugua tena kwa fujo, kikatoka safi, nikapiga kelele ya furaha mpaka ng'ombe akajibu. Ngozi ilikuwa imeshika, nyumba nzima.

Nyumba nzima isipokuwa kipande kimoja. Nilipofika kwenye ukuta wa mlangoni mama alikuja na kusimama mbele yake.

"Hapa acha."

"Yeyo, hapa ndipo panapochafua watu kuliko pote."

"Acha, nimesema."

Nilidhani ni ukaidi wa kizee, au labda pana kumbukumbu. Ni kipande kidogo tu, kutoka kwenye fremu hadi mkono wake unapofika, unga wa Julai ile. Nikakiacha, ingawa macho yangu ya kazini yaliteseka.

Siku ya kuondoka nilibeba mfuko wangu, nikainamisha kichwa mlangoni aniage. Mama aliweka kiganja ukutani kwanza. Siku zote niliona akifanya hivyo nikidhani anajishikiza asiyumbe. Safari hii nilikuwa nimeinama, macho yangu yako usawa wa mkono wake, na nikaona hajishikizi. Alikuwa anasugua. Juu, chini, akageuza, akasugua tena kama anayepaka siagi. Kisha akaniwekea kichwani na kukandamiza, muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Yeyo, mbona unanipaka makusudi?"

"Nikikusalimia kwa mkono mtupu, ukifika getini umeshapotea," alisema. "Nikikupaka, nakuona mpaka kwenye mgrevilea. Na wale watoto hivyo hivyo. Nawaangalia vichwa vyao vinavyokwenda."

Nilikuwa nimezifuata zile alama kama mpelelezi, nikajisifu kwamba nimemwona mama, na muda wote yeye ndiye aliyekuwa anatuangalia sisi.

Nilitembea taratibu. Kichwa changu nakinyoa karibu na ngozi na sikujitanda kitu. Mtu wa kazi yangu lazima ajaribu, kwa hiyo nilipofika kwenye mgrevilea, ambako bodaboda ilikuwa inanisubiri, nilisimama ghafla bila kusema wala kupunga, nikageuka. Mama alikuwa mlangoni. Nilipochukua hatua moja kando, uso wake ulinifuata. Aliinua mkono, nami kutoka pale niliuona weupe wake.

Dereva akanipa helmeti. Nikamwambia nitaivaa, twende tu pole pole. Nikaishika mapajani mpaka kona ilipoificha nyumba, ndipo nikaivaa.